Kumpikia Mbwa Chakula: Ni Sadaka Au Ni Upotofu?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote, na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake wote. Amma ba'ad.



Mzazi mmoja wa Kibajuni anayeishi Uingereza ameleta swali ambalo limezua maneno mengi katika simu za watu, kuanzia huko mpaka Kismayo, na kutoka Kismayo mpaka Lamu na Mombasa. Binti yake wa miaka kumi na moja alikaa na jirani yao, bibi mzee asiyekuwa Muislamu, wakapika biskuti za mbwa kwa unga wa shayiri, yai na samaki wa kuchemsha. Mtoto akamwekea mbwa wa yule bibi chakula kwenye kibakuli, akanawa mikono, akarudi kwao akaswali. Picha ilipowafikia jamaa, hukumu zikashuka kama mvua ya masika. Mmoja akasema mtoto anatolewa katika dini taratibu. Mwengine akasema mikono yake ni najisi, na kila alichokishika nyumbani kioshwe mara saba. Wa tatu akasema: kwetu watu wanalala na njaa, nyinyi huko mnapikia mbwa?

Swali la mzazi ni hili: Je, mwanangu amefanya dhambi?

Jawabu letu ni kuwa hakufanya dhambi, na kwa nia njema ana thawabu In Shaa Allah. Wenye kosa ni wale wanaowalea watoto wa visiwa na mwambao wetu katika itikadi kwamba kumpiga mbwa jiwe ni sehemu ya Uislamu. Tutaeleza kwa dalili, na anayepinga naye alete dalili, si kelele.

UKURASA TUNAOUSOMA NA UKURASA TUNAOURUKA

Watu wetu wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i (Rahimahullah). Kitabu cha mwanzo anachosomeshwa mtoto katika vyuo vingi vya mwambao ni Safinatun Najaa cha Sheikh Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefia Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Ni kitabu kidogo, na watoto wengi hukihifadhi kabla hawajabaleghe.

Katika kitabu hicho mtoto anasoma kwamba najisi ni aina tatu, na kwamba iliyo nzito ni ya mbwa na nguruwe, nayo huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Mlango huu kila mtu anaujua. Hata asiyeswali anaujua! Muulize mvuvi aliyeacha chuo miaka thelathini nyuma, atakwambia mara saba, moja kwa mchanga.

Lakini kitabu hicho hicho, katika mlango wa tayammum, kinataja sababu tatu za kumruhusu mtu atayammam: kukosa maji, maradhi, na ya tatu ni maji kuhitajika kwa ajili ya kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa na sheria, anayeitwa muhtaram. Kisha Sheikh anawahesabu wasioheshimiwa, na kwa upande wa mbwa amemtaja mbwa mmoja tu: al-kalb al-'aqur, yaani mbwa mkali mwenye kudhuru. Hakusema kila mbwa.

Ndugu msomaji, hebu tafakari maana yake. Uko safarini, Swala imeingia, na maji uliyonayo ni ya wudhuu wako tu. Mbele yako yuko mbwa mwenye kiu wa kuwinda au wa kulinda mifugo. Sheria inakwambia mpe mbwa maji, wewe utayammam kwa mchanga uswali. Na yule mbwa asiye na faida wala madhara, wanachuoni wa madhehebu wamehitilafiana juu yake, na kauli yenye nguvu kwa wengi wa waliokuja baadaye ni kuwa naye ni muhtaram.

Basi ikiwa sheria imekuruhusu kuacha wudhuu, ulio sharti ya Swala, kwa ajili ya koo la mbwa, itakuwaje kipande cha mkate anachopewa mbwa kiwe upotofu? Kipande hicho hakikukutoa katika ibada yoyote. Watoto wanafundishwa ukurasa wa najisi kwa sauti ya juu, na ukurasa wa tayammum unapitwa kama kijiji cha usiku. Wenye kusomesha namna hii wanasomesha nusu ya kitabu, na nusu ya elimu mara nyingine hudhuru kuliko ujinga.

MTUME (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ALITUFUNDISHA NINI?

Katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayrah (Radhiya Allahu 'anhu), imepokewa habari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo kwa kiu. Akateremka tena, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa mdomo ili apate kupanda, akamnywesha yule mbwa. Allah akamkubalia tendo lake akamsamehe. Swahaba walipouliza kama kuna ujira kwa wanyama, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akawajibu kwamba kila kiumbe chenye uhai kina ujira ndani yake. Hakusema ujira uko kwa paka na mbuzi peke yao, na kisa chenyewe kilikuwa cha mbwa!

Na imepokewa pia kuhusu mwanamke kahaba katika Bani Israil, aliyemnywesha mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Kwa upande wa pili, mwanamke mwengine aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie.

Qur'an nayo imemtaja mbwa kwa kheri. Katika Surat Al-Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Katika Surat Al-Maidah, aya ya 4, tumehalalishiwa kula alichokikamata mnyama wa kuwinda aliyefunzwa, na mbwa yumo katika hao. Na anayejua kufunza mbwa anajua kwamba hafunzwi kwa fimbo peke yake, hufunzwa kwa kupewa kitu kila anapofanya vizuri. Kitafunio cha mbwa ndiyo kazi yake hiyo.

Sultwanul 'Ulamaa, 'Izzud-Din bin 'Abdis-Salaam (aliyefariki mwaka 660 H), Mshafi'i mwenzetu, amezihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake cha kanuni za sheria. Mojawapo ni kumlisha hata akiwa amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Alisema hayo zaidi ya miaka 750 iliyopita, kabla hakujakuwa na jumuiya yoyote ya Wazungu ya kutetea wanyama.

HOJA ZA WANAOPINGA

1. "Mbwa ni najisi." Ndiyo, katika madhehebu yetu ni najisi, na hatuibadilishi hukumu kwa kuwafurahisha watu. Imam Malik (Rahimahullah) ameona mbwa aliye hai ni tohara, lakini sisi tunabaki na tulichokisoma. Sasa tuulize, najisi huhama vipi? Huhama kwa unyevu. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu hakuna kilichohama. Unga, yai na samaki ni tohara, na mkono uliovikanda ni tohara. Mtoto aliyeweka chakula kwenye kibakuli bila kuguswa na mate ya mbwa hana cha kuosha mara saba. Akilambwa, aoshe palipolambwa mara saba, moja kwa mchanga, basi yamekwisha. Najisi ni hukumu ya nguo, mwili na chombo. Damu yako mwenyewe ni najisi, mbona hujipigi mawe?

2. "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na thawabu hupungua kila siku." Hadithi hizi ni sahihi na tunaziamini. Zinazungumzia kumweka na kumfuga mbwa bila haja. Aliyefuga wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba ametolewa katika kupunguziwa thawabu kwa maneno ya Mtume mwenyewe, na wanachuoni wetu wamekisia juu yake mbwa wa kulinda nyumba. Mfugaji wa bara ya Jubba anayelinda mbuzi wake na fisi usiku hana lawama. Ama kumwekea chakula mbwa wa jirani, au mbwa koko aliye nje ya mji, huko si kufuga. Kwa hiyo tunawaambia vijana wa ughaibuni waziwazi: msichukue hoja zetu mkamlaza mbwa kitandani. Hilo hatukulisema.

3. "Mtume aliamrisha mbwa wauawe." Amri hiyo ilikuwako Madina, kisha ikaondolewa. Katika Sahih Muslim, kutoka kwa 'Abdullah bin Mughaffal (Radhiya Allahu 'anhu), Mtume aliwakataza watu kuendelea nayo na akaruhusu mbwa wa kuwinda na wa mifugo. Anayesoma hadithi ya kwanza akaificha ya pili anafanya khiyana ya elimu.

4. "Ni kuwaiga makafiri." Biskuti za mbwa za kuuzwa dukani zilianza London katika miaka ya 1860 na James Spratt. Khofu iliyojazwa maji kisimani imezitangulia kwa karne nyingi. Baghdad ya karne ya tatu Hijria aliishi Ibnul Marzuban, aliyefariki mwaka 309 H, na akaandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wanaovaa nguo. Kama kumtendea mbwa wema ni uzungu, Ibnul Marzuban aliupata wapi?

5. "Watu wana njaa." Hii ndiyo hoja nzito, na mwenye kuitoa ana haki ya kusikilizwa. Nchi yetu ilitangaziwa baa la njaa mwaka 2011, na ukame wa 2020 mpaka 2023 ulimaliza mifugo na ukawajaza watu katika kambi za Kismayo. Basi tunasema bila kuzunguka: mwanadamu kwanza. Zaka hapewi mbwa. Anayenunua keki ya mbwa yenye mapambo kwa pesa za kulisha familia wiki nzima, na hali ana jamaa mwenye njaa, huyo ni mwenye israfu awe Muislamu au asiwe. Lakini tumuulize mwenye hoja: lile jiwe linalorushwa pale nyuma ya soko limemlisha yatima gani? Yale makombo yanayotupwa baharini baada ya karamu za harusi yangemfikia nani? Kichwa cha samaki asichokila mtu hakimpunguzii mtu. Paka anapewa pale pale pwani madau yakifika, na hakuna anayesema watu wana njaa. Njaa inakumbukwa akija mbwa tu.

KAMA UNAMPA, MPE KISICHOMDHURU

Baadhi ya watu humtupia mbwa chochote, wakadhani wametoa sadaka. Sadaka inayoua si sadaka. Wazazi na wanafunzi wazingatie haya:

- Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Zabibu humharibu figo. Kwa hiyo pilau la harusi lenye vitunguu na zabibu usimpe.
- Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumchana tumbo. Miiba mikubwa ya samaki nayo humkwama kooni.
- Chokoleti ni sumu kwake. Walio ughaibuni waangalie pia peremende na chingamu zisizo na sukari, kwa sababu nyingi zina zailitoli, na kiasi kidogo chake kinaweza kumuua.
- Pilipili na chumvi nyingi humtesa bure.

Ukitaka kumtengenezea kitu kizuri, haina gharama. Chemsha vichwa au mikia ya samaki bila chumvi, nyama itenge na miiba yote. Changanya na unga wa mahindi au wa mtama na supu ile ile, na yai kama liko. Kanda mpaka ishikane, tandaza iwe nyembamba, kata vipande vidogo, ukauke juu ya chuma kwa moto mdogo wa makaa mpaka viwe vigumu. Vikipoa, weka mahali pakavu. Ukoko wa wali mtupu usio na viungo nao unatosha. Mpe kwa kiasi, chombo chake kiwe mbali na vyombo vyenu.

Umuwekee wapi? Mbali na msikiti, chuo na mlango wa jirani. Usimdhuru jirani kwa jina la wema, kwa sababu jirani ana haki kubwa kuliko mbwa. Watoto wadogo wasimlishe mbwa wasiyemjua, wasimkaribie anapokula, wala mama mwenye watoto wake. Mbwa akionekana anatokwa na mate mengi, anayumba au anashambulia bila sababu, huyo asikaribiwe kabisa.

JIWE, KITAFUNIO NA KICHAA CHA MBWA

Hapa ndipo jambo hili linapogusa roho za watoto. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote wameambukizwa na mbwa, na takriban 4 katika kila 10 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishadhihiri, karibu hakuna anayepona.

Mtoto anayerusha mawe ndiye anayekwenda kumchokoza mbwa, kisha akang'atwa, kisha akaficha kwa kuogopa kipigo nyumbani. Akifichuliwa, wengine humnywesha kombe tu na kungoja. Dua na Qur'an ni shifaa, hatupingi, lakini Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametuamrisha kujitibu. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, kabla dalili hazijaanza. Msingoje!

Dawa ya kudumu ni kuwachanja mbwa wenyewe. Wataalamu wanasema wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukatika. Msitafute mfano mbali, uko Pemba, kisiwa cha Waislamu na Washafi'i kama sisi. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima ziliukata ugonjwa huko mwaka 2014. Kampeni zilipolegea, ukaingia tena mwishoni mwa 2016. Wakarudi kuchanja, ukakatika tena Oktoba 2018. Hawakuacha Uislamu wao kwa kuwashika mbwa wakachanjwa, wala hawakuwamaliza kwa mawe.

Sasa jiulize, mbwa aliyezoea jiwe utamshika vipi umchanje? Akimuona mwanadamu, mbio. Mbwa aliyezoea kupewa kitu mahali pamoja, wakati mmoja, huja mwenyewe. Hata Ulaya walipotaka kuukomesha ugonjwa huu kwa mbweha wa mwituni, walitia chanjo ndani ya chakula. Uswisi ilianza mwaka 1978 kwa vichwa vya kuku, vikatawanywa maporini. Kipande kidogo cha chakula kikafanya ambalo bunduki ilikuwa imeshindwa. Kwetu visiwani, ambako mbwa si wengi na bahari imetuzunguka, kazi hii ingekuwa nyepesi kuliko bara, lau watu wangeitaka.

NASAHA

Kwa mzazi aliyeuliza: mwambie binti yako kwamba alichofanya ni chema. Mfundishe hukumu ya mate ya mbwa na namna ya kutoharisha, ili asifanye wema kwa ujinga. Na yule bibi jirani mpelekee sahani ya mahamri, kwa sababu ameonyesha ujirani mwema, nasi ndio tuliousiwa zaidi juu ya jirani.

Kwa walimu wenzangu wa vyuo: mkifika mlango wa najisi, fungueni na mlango wa tayammum siku hiyo hiyo. Mtoto ajue yote mawili, kwamba mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, na kwamba kiu ya mbwa inaweza kuitangulia maji ya wudhuu. Mtoto akionekana na jiwe mkononi, aulizwe dalili yake ni aya gani na hadithi gani. Hatakuwa nayo.

Na kwa wanaosambaza hukumu katika simu: kumwambia mtoto wa Kiislamu kwamba ametoka katika dini kwa ajili ya biskuti ya mbwa ni jambo zito mbele ya Allah kuliko biskuti elfu. Mbwa ana najisi ya mate, inaoshwa mara saba ikatoka. Ulimi unaokufurisha watoto unaoshwa kwa nini?

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atujaalie katika wenye kuhurumia ili nasi tuhurumiwe, na awahifadhi watoto wetu popote walipo, visiwani, bara na ughaibuni. Aamiyn.

Wa billahi Tawfiyq, wAllahu A'alam.

Wassalaamu 'alaykum wa Rahmatullahi wa Barakaatuh.